Kandambili kumi na moja

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: hadithi ya kutisha unayoipenda ikichukuliwa ikafanywa filamu, utafurahi au utaogopa kwamba wataiharibu? Jibu langu fupi ni yote mawili. Naomba nafasi kwa ajili ya jibu refu, na hilo linaanzia kwenye banda la video, Magomeni, hapa Mtwara mjini, mwaka 2005.

Banda lilikuwa la kaka yangu. Mabati juu, kuta za makuti, mabenchi ya mbao za mnazi, televisheni ya inchi ishirini na moja juu ya meza. Mimi nilikaa mlangoni kukusanya hela, na kwa sababu hiyo niliangalia muvi nyingi kuliko msichana yeyote wa mtaa ule, ingawa zote niliziangalia kwa ubavu, shingo imepinda. Watu wa rika langu wanazikumbuka kanda alizotafsiri Lufufu, Mungu amrehemu. Sisi tulikuwa pia na mtafsiri wetu wa papo kwa papo, kijana aliyeshinda bandarini akibeba magunia, jioni anashika maiki na kukaa pembeni ya televisheni. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini mdomo anao. Mzungu akisema maneno mawili, yeye anasema kumi, na manane kati yake ni majina ya watu wa Magomeni.

Jumamosi hiyo ilipigwa The Ring, ile ya Marekani ya 2002. Kwa wasioijua: kuna mkanda wa video, ukishauangalia simu inalia, sauti inakuambia umebakiza siku saba. Karibu na mwisho, msichana mwenye nywele zilizofunika uso anatoka kisimani. Kisima kiko ndani ya televisheni. Anatembea kuja mbele, polepole, maji yanamchuruzika, anakuja mpaka kwenye kioo, na anaendelea kuja.

Wakati huo gesi ya Mnazi Bay ilikuwa bado haijaanza kutuwashia taa, mji ulitegemea majenereta ya dizeli. Umeme ukakatika pale pale.

Hatukumwona akitoka. Tulimwona anakuja, kisha giza. Hakuna aliyesubiri kujua zaidi. Benchi moja lilivunjika, ukuta wa makuti upande wa chooni ukageuka mlango wa pili, na mtafsiri wetu, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anawacheka waliojifunika macho, nilimsikia akinipita mlangoni wa kwanza kabisa, maiki ingali mkononi na waya unamfuata nyuma. Asubuhi kaka aliokota kandambili kumi na moja, hakuna mbili za pea moja. Akazipanga juu ya benchi ili wenyewe waje wachukue. Zilikaa wiki nzima. Nani angekuja mbele za watu kusema hii ni yangu?

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niandike barua hii. Miaka mingi baadaye nilipata kitabu chenyewe, riwaya ya Mjapani Koji Suzuki iliyotoka 1991, tafsiri ya Kiingereza. Niliisoma na kamusi mapajani, msimu wa korosho, usiku ghalani. Mimi ni karani wa chama cha msingi, na wakati wa minada karani hulala akiwa macho. Nilisoma nikimsubiri msichana wangu atoke kwenye televisheni. Nikasubiri mpaka ukurasa wa mwisho. Hayumo! Kitabuni yule mwanaume ambaye filamuni msichana anamtokea anakufa chumbani kwake baada ya kujiona kwenye kioo cha kujitazamia, uso umezeeka kama wa mtu wa miaka mia. Hakuna mtu anayetambaa kutoka kwenye televisheni. Hata mwandishi wa habari anayefuatilia mkasa wote ni mwanaume, baba wa mtoto mdogo. Filamu ya Kijapani ya 1998, ya Hideo Nakata, ndiyo iliyomfanya mama, na ndiyo iliyomtoa msichana kwenye kioo cha televisheni. Wamarekani wakachukua kwa Wajapani, mtafsiri wetu akachukua kwa Wamarekani. Mkono wa nne huo, na kandambili kumi na moja zikabaki kwa kitu ambacho mwenye hadithi hakukiandika.

Kwa hiyo mtu akiniambia filamu nzuri ni ile inayofuata kitabu neno kwa neno, namwuliza kandambili zake ziko wapi.

Na si huyo msichana tu. Muulize mtoto yeyote wa Mtwara mnyonya damu anakufaje. Atakuambia anaungua kwa jua. Bram Stoker hakuandika hivyo. Katika kitabu chake cha 1897 Dracula anatembea mchana, nguvu zimepungua tu. Jua la kumwua lililetwa na filamu ya Kijerumani ya 1922, Nosferatu, ambayo ilitengenezwa bila ruhusa, mjane wa Stoker akaishtaki, na mahakama ikaamuru nakala zake ziharibiwe. Nakala ziliponea, na leo dunia nzima inaamini jambo lililobuniwa na watu waliokuwa wameiba hadithi.

Upande wa pili yuko Stephen King. Riwaya yake ya hoteli iliyozingirwa na theluji, The Shining, ilitoka 1977, Stanley Kubrick akaifanya filamu mwaka 1980, na King hajawahi kuficha kwamba hakuipenda. Mwaka 1997 ikatengenezwa upya kwa ajili ya televisheni, sehemu tatu, yeye mwenyewe akiandika mswada. Nimeiangalia yote. Ni aminifu, na sehemu ya pili nilisinzia. Kitabuni kuna vichaka vya bustani vilivyokatwa kwa maumbo ya wanyama. Ukivipa kisogo vinasogea, ukigeuka vimetulia, ila si pale vilipokuwa. Ukisoma hayo peke yako usiku, unaacha kugeuka. Kubrick aliviondoa, akaweka njia za kupoteana zilizozungushiwa ua mrefu wa majani. Ile ya 1997 ikavirudisha kwa kompyuta, kama mwenyewe alivyoandika, na vinatembea kama vinyago vya plastiki vya watoto.

Nimefikiri sana kwa nini iwe hivyo, na naona sababu ni moja. Anayetengeneza vizuri hajiulizi kwanza hadithi inasema nini. Anajiuliza msikilizaji amekaa wapi. Suzuki alijua msomaji wake yuko peke yake na kitabu, akampa kioo na uso wake mwenyewe. Nakata alijua mtazamaji wake amekaa mbele ya televisheni, akaigeuza televisheni mlango.

Bibi yangu mzaa mama alilijua hilo bila kuona kamera maishani mwake. Alikuwa na shamba upande wa Mtama, mkoa wa Lindi, na alikuwa na hadithi moja ya kututisha, ya simba mtu. Bwana mmoja yuko peke yake juu ya dungu, analinda mahindi. Usiku anasikia jina lake linaitwa huko chini, kwa sauti ya mkewe. Anaitika. Linaitwa tena, sauti imesogea. Anaitika. Mara ya tatu, mdomo umeshafunguka aitike, anakumbuka kwamba mkewe amekwenda msibani Nachingwea tangu juzi.

Hapo bibi alinyamaza. Sisi wanne tumelala kitanda kimoja cha kamba, yeye amekaa kwenye kigoda, kibatari kiko nyuma yake. Basi unasikia kwaru, kwaru, chini ya mgongo wako. Kitanda cha kamba kina tabia hiyo: ukikwaruza kamba moja, zinatetema zote. Binamu yangu anauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, ni wewe?" Naye anajibu taratibu kabisa, "Mimi? Mimi nasuka ukili wangu."

Tulijua ni kucha zake. Tulijua jana, tulijua juzi. Na kila usiku kulikuwa na mmoja aliyejikojolea, nisimtaje maana sasa ni mwenyekiti wa kijiji.

Kujua hakuondoi hofu, hapo wengi hukosea. Husema mzimu usionyeshwe kabisa, ukionekana tu hofu imekwisha. Waje waone lipiko, mchezaji wa kinyago wa Kimakonde, likitoka. Linatoka mchana, jua la saa tisa, ngoma inalia, watu wamejaa. Kinyago cha mti kimevikwa kichwa kizima, nywele zimegandishwa kwa nta, nembo usoni, mwili umefungwa nguo. Unaliona lote, juu mpaka chini. Nikiwa na miaka tisa niliziona nyayo zake na nikakitambua kisigino kimoja, chenye kovu la jembe. Nilikijua ni cha nani. Lipiko liliponigeukia nilikimbia vilevile, nikapanda mwembe uliojaa sisimizi wakali wa majimoto. Zaidi ya hapo sisemi, mambo ya jandoni yana wenyewe. Ninachosema ni kwamba lipiko halibaki jukwaani likingoja kutazamwa. Linakuja ulipo.

Kwa hiyo ndiyo, natamani simba mtu wa bibi afanywe filamu. Sasa mashaka yangu.

La kwanza ni dogo na mnalijua. Muvi zetu nyingi za kutisha zina haraka ya kueleza. Mzimu ukitokea dakika ya kumi, dakika ya kumi na tano tuko kwa mganga anatueleza ni wa nani, ulitumwa na nani na kwa shilingi ngapi. Mwishoni maombi, moshi, kelele, kwisha. Mchawi amepakwa unga usoni, damu ni rangi ya keki. Unga na rangi navisamehe, hela hakuna. Maelezo siyasamehi, maana kunyamaza hakuhitaji bajeti.

La pili linaninyima usingizi zaidi. Dracula akifanywa filamu, hakuna mzee wa huko atakayepigwa mawe kwa ajili yake. Huku kwetu simba mtu na ndondocha si wa vitabuni. Wapo watu wanaoamini kwa moyo wao wote kwamba kuna wazee wanaowatuma simba, na kwamba mtu aliyezikwa jana huweza kuwa analima shamba la tajiri usiku, ulimi umekatwa. Kati ya 1990 na 2004 watafiti walihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba, na Lindi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Maelezo yao yalikuwa ya kawaida kabisa: msimu wa mavuno, Machi mpaka Mei, nguruwe pori huingia mashambani, watu hulala huko kuwafukuza, na simba anayewafuata nguruwe anamkuta binadamu. Lakini nenda kamweleze mambo ya nguruwe mtu ambaye kaka yake ameliwa. Yeye anataka jina. Na jina huwa halikosekani. Mara nyingi ni la bibi mmoja mpweke mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni.

Mwaka 2017, hapo Malawi, si mbali na sisi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa na makundi ya wananchi, mpaka Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya za kusini. Hakukuwa hata na filamu. Ilikuwa midomo tu. Ndiyo maana filamu ya simba mtu inayomalizika kwa kutuonyesha ajuza anavua ngozi, kisha kijiji kinamchoma na muziki wa furaha unapigwa, hiyo sitaki hata itengenezwe kwa mabilioni. Mtu atatoka pale na jina kichwani.

Bibi hakuwahi kusema simba yule alitumwa na nani. Nilimwuliza mara moja tu, nimeshakuwa mkubwa, niko kidato cha tatu na najiona mjanja. Aliacha kusuka, akanitazama. "Ukishamjua utamfanya nini?" Nikakosa jibu. Akarudi kwenye ukili wake.

Banda la kaka sasa ni duka la spea za bodaboda, na watu wanaangalia muvi kwenye simu, wamelala chali, uso umemulikwa na kioo. Mtengenezaji wa leo aanzie hapo walipolala. Sauti ya mkewe yule bwana iwafikie kwenye sikio moja tu la spika za masikioni, la upande wa ukutani.

Na kama mtampata wa kuifanya kazi hiyo, mwambieni aje Aprili, mahindi yakiwa yamekomaa. Alale usiku mmoja juu ya dungu huko Mtama, bila simu. Mkeka nitatoa mimi, ni ule alioshona bibi.