Kinanda ndicho kiifuate ilimba

Bagamoyo, tamasha la TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) linapokaribia, baadhi ya bendi kwenye mazoezi huchanganya gitaa, kinanda na ilimba ya Wagogo, ala ya ndimi za chuma zinazodonolewa kwa vidole. Baada ya wimbo mmoja mpiga kinanda husema, "Ilimba imeshuka, ipandisheni." Tafadhali msiikimbilie nyundo ya kugonga ndimi zake. Ilimba haijashuka.

Kinanda kimetyuniwa kwa mgawanyo sawa: oktavu, yaani nafasi kutoka noti hadi ya jina hilohilo juu yake, imekatwa vipande 12 vinavyolingana viitwavyo nusu toni, na kila kimoja kina senti 100 (senti ni kipimo cha tofauti ya sauti). Faida yake ni kubwa, maana wimbo unaweza kuhamishwa ufunguo wowote ukabaki vilevile. Lakini ukiacha oktavu, hakuna noti yake inayolingana barabara na sauti za asili, yaani zile ambazo kasi za mitetemo yake zina uwiano wa namba nzima. Ilimba, ile iliyosikika Bagamoyo mikononi mwa mwanamuziki wa Kigogo, hayati Hukwe Zawose, hufuata hizo sauti za asili. Noti ya msingi ukiihesabu 4, zinazofuata ni 5, 6, 7, 8 na 9. Ukizipima kwa kinanda, ya 5 iko chini kwa senti 14, ya 6 juu kwa senti 2, ya 7 chini kwa senti 31, ya 9 juu kwa senti 4. Senti 2 hazimsumbui mtu. Ugomvi wote uko kwenye ya 7: msingi ukiwa C ya 261.6 Hz (mitetemo kwa sekunde), ilimba inatoa 457.8 na kinanda kinatoa Bb ya 466.2. Zikilia pamoja, sauti inatetema mara 8 kwa sekunde.

Kuipandisha ilimba ni hatari kuliko inavyoonekana. Ulimi wa chuma wenye urefu wa milimita 50 unahitaji kurudishwa ndani karibu nusu milimita tu ili upande senti 31. Ukigonga kidogo zaidi, umepitiliza. Tena zipo ndimi zisizopigwa, zinazoitikia zenyewe noti yao inapolia. Ukihamisha ulimi mmoja ukaacha wenzake, haziitikii tena, na ule mvumo mnene unaoifanya ilimba iwe ilimba unapotea.

Basi badilisha tyuni ya kinanda. Vinanda vingi vya kisasa vina sehemu ya kupanga tyuni ya noti moja moja kwa senti, na wapiga taarabu wa Tanga na Unguja wanaijua kwa ajili ya robo toni. Anza kwa kupima msingi wa ilimba kwa programu ya tyuni kwenye simu. Ziba kwa kidole tundu lenye utando wa buibui, maana mkwaruzo wake huichanganya simu, na bana ndimi za jirani zisiitikie. Usisome namba pale unapodonoa; subiri kidogo sauti itulie, pima mara tatu. Msingi ukiwa juu ya noti ya kinanda kwa senti 20, pandisha tyuni kuu ya kinanda kutoka 440 hadi 445.1 Hz. Gitaa na besi vityuniwe hapo pia.

Kisha hesabu nusu toni kutoka kwenye msingi (hizi si zile namba za noti za ilimba): ya 4 ishushe senti 14, ya 7 ipandishe 2, ya 10 ishushe 31, ya 2 ipandishe 4. Kama msingi ni A, hizo ni C#, E, G na B. Usiguse kitufe cha kuhamisha ufunguo baada ya hapo, kwa sababu kwenye baadhi ya vinanda marekebisho hayahami pamoja na noti. Hifadhi mpangilio kwenye kumbukumbu ya kinanda, la sivyo umeme ukikatika kazi yote imekwenda.

Mpangilio huu unafaa ufunguo mmoja tu. Mwimbaji akiomba wimbo upande toni nzima katikati ya onyesho, zile noti zilizoshushwa zitaangukia mahali pabaya, na hata kodi za kawaida (noti zinazopigwa pamoja) zitachacha. Hili mlikubaliane kabla ya kupanda jukwaani.

Gitaa lina vyuma vya mgawanyo sawa shingoni, halina njia ya kufuata. Mpigaji ashike msingi na ile noti ya 6 ya ilimba peke yake, zile nyingine awaachie ilimba na zeze. Zeze halina shida, kidole kinafuata sikio.

Upepo wa bahari una chumvi. Futa ndimi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na upime tena msingi saa moja kabla ya onyesho.