Jibu ule ujumbe wa upole

Kiangazi kimoja, nikiwa katibu wa kamati ya mfereji huku Old Moshi, vijana wa upande wa chini walipanda usiku wakavunja banio letu, pale tunapogawia maji. Kulipokucha wa kwetu wakashika mapanga, wakafyeka migomba yao. Siku ya pili hakuna aliyekuwa na maji, juu wala chini.

Jioni katibu mwenzangu wa chini aliniletea jumbe mbili. Wa kwanza: "Kaka, tukae tupange zamu upya." Wa pili ulikuwa vitisho vitupu, na nilihisi kuna watu wamemsimamia akiuandika. Wenzangu walitaka tujibu wa pili. Mimi nikakumbuka Oktoba 1962.

Makombora ya Kisovieti yalikuwa Kuba. Tarehe 26 Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, alimwandikia Rais Kennedy wa Marekani kwamba yangeondoka, Marekani ikiahidi kutoivamia Kuba. Kesho yake ikaja barua kali zaidi, ikidai na makombora ya Marekani yatoke Uturuki. Siku hiyohiyo ndege ya Marekani ikatunguliwa juu ya Kuba, rubani akafa. Kennedy hakulipiza. Hadharani alijibu barua ya kwanza. Kwa siri, ndugu yake Robert akamhakikishia balozi wa Kisovieti, Dobrynin, kuwa ya Uturuki nayo yataondolewa. Tarehe 28 Khrushchev alikubali kupitia redio, maana barua zilichukua saa nyingi mno kufika. Mwaka 1963 wakaunganisha mtambo wa mawasiliano ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow. Haukuwa simu. Ulikuwa wa maandishi, ili kila upande upate muda wa kufikiri.

Nami sikupiga simu, niliandika: "Kesho saa tatu, pale banioni. Njoo na wazee wawili." Habari ya kulipia migomba nilimweleza pembeni, vijana wetu wasisikie kabla hawajapoa.

Sisemi nguvu haifanyi kitu. Mwaka 1979 jeshi letu lilimwondoa Idi Amin. Lakini nani ashike nchi? Hilo Waganda walikuja kulijadili hapahapa Moshi mwezi Machi, na Yusuf Lule waliyemchagua alidumu madarakani siku 68. Sisi banio lilivunjwa usiku mmoja, zamu zikatuchukua vikao vitano.

Kama una ugomvi sasa hivi, tafuta upande wa pili mtu mmoja ambaye bado mnasalimiana. Mwandikie leo, kabla wenzako hawajaenda kunoa mapanga.