Tochi ya trafiki inapunguza ajali, au inatushikisha breki kwa mita mia tano tu?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Natembea Dar–Morogoro na gari ndogo karibu kila wiki. Juzi nilipigwa tochi kwenye kijiji kimoja baada ya Chalinze: 67 kwenye kibao cha 50, nikaandikiwa 30,000. Barabara ilikuwa nyeupe, hata mbuzi hakuna. Tukishatoka pale kila mtu anarudi 110. Naomba jibu la kitaalamu, si la siasa: tochi inapunguza ajali kweli, au ni mapato tu? Dereva, Morogoro.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwanza tuimalize hiyo 67, maana madereva wengi huiona ni "50 na kidogo".

Chukua lami kavu, breki nzima, na dereva anayetumia sekunde moja na nusu tangu aone jambo mpaka mguu ukanyage. Kwa 50, gari linakula mita 21 kabla breki haijaanza kazi, kisha mita 14 nyingine mpaka lisimame. Jumla 35. Sasa mtoto amechomoka nyuma ya meza ya nyanya, mita 35 mbele yako. Wa 50 anasimama mbele ya mtoto, roho juu. Wewe wa 67 unafika pale pale ukiwa bado na mwendo wa karibu 57. Na wa 80? Mguu wake ndio kwanza umegusa pedali. Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu akigongwa na gari la 65, hatari ya kufa ni mara 4.5 ya yule aliyegongwa kwa 50. Hata mbuzi hakuna, umesema. Lakini kibao hakikuwekwa kwa ajili ya dakika uliyopita wewe.

Kwa hiyo mwendo ukishuka, vifo vinashuka. Hapo wataalamu hatubishani. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa kila asilimia 1 inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza ajali za vifo kwa karibu asilimia 4. Tunapobishana ni kama tochi inaushusha huo mwendo, kwa umbali gani na kwa muda gani.

Mwaka 2010 ilitoka tathmini iliyokusanya tafiti 35 za kamera za mwendo kutoka nchi mbalimbali. Karibu na kamera, ajali zilipungua kwa kati ya asilimia 8 na 49. Hiyo ni tofauti kubwa mno, na sehemu ya sababu ni mtego ambao hata wahandisi tunanaswa nao. Kamera hupelekwa mahali palipoua sana mwaka uliopita. Mwaka mbaya mara nyingi hufuatwa na mwaka wa kawaida, hata usipofanya lolote, halafu sifa zote anapewa aliyeweka kamera. Asiyelitoa hilo kwenye hesabu anajidanganya. Hata likitolewa, faida inabaki, ila inakuwa ya kiasi.

Sasa hiyo 110 yako. Dereva haogopi faini, anaogopa kukamatwa. Akijua trafiki yuko chini ya mwembe ule ule kila siku, na madereva wa upande wa pili wameshampigia taa, anashuka mpaka 48, anapita na uso wa upole, kisha anakanyaga. Nimesimama na kipimo mbele kidogo ya mwembe wa namna hiyo. Sauti ya injini peke yake inatosha kukueleza. Huko mbele ajali inakusubiri kama kawaida.

Dawa yake ni kupima kipande kizima badala ya nukta moja. Barabara ya A77 kule Scotland ina kamera za namna hiyo tangu 2005: moja inasoma namba ya gari unapoingia, nyingine unapotoka, na muda uliotumia unasema ulitembeaje. Kushika breki mbele ya kamera hakukusaidii kitu. Kwetu, VTS, mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), kwenye mabasi unafanana nao kwa hilo, kwa sababu unalifuatilia basi njia nzima. Gari ndogo kama lako halimo. Tena sheria yetu inalibana basi kwenye 80, wakati gari dogo nje ya makazi, pasipo na kibao, halina kikomo. Mimi hilo naliona pengo kubwa kuliko uhaba wa tochi.

Vijijini ningeanza na rasta, ile mistari ya vinundu inayotikisa gari, na matuta yaliyojengwa kwa vipimo, siyo yale ya kuvunja springi. Rasta haijifichi, haipokei simu, na inafanya kazi saa nane usiku. Kule Ghana, kwenye njia panda ya Suhum, barabara ya Accra–Kumasi, waliziweka na ajali zikapungua kwa karibu asilimia 35, vifo kwa asilimia 55 hivi.

Kuhusu mapato: idadi ya faini haikuambii kama tochi inafaa. Pale kijijini kwako pima kasi ambayo magari 85 kati ya 100 hayaivuki, siku ambayo trafiki hayupo. Ikiwa ni 75, kama ilivyokuwa kabla ya tochi, basi pale panakusanywa fedha tu. Ikiwa imeshuka hadi 55, tochi imefanya kazi hata kama siku hiyo haijaandika mtu. Na ile 30,000 yako, ilipe.