Kabla hujanunua giaboksi ya mtumba, hakikisha kwanza kwamba si klachi

Ndugu, umeeleza kwamba unayo Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998 yenye gia za mkono, kwamba rivasi inakwaruza, gia ya kwanza inaingia kwa kulazimishwa, na ukipanda mlima unasikia harufu ya kuungua. Fundi wako amekuambia giaboksi imekufa na anataka ununue ya mtumba. Nimeendesha gari la aina hiyo tangu mwaka 2013, mara nyingi kati ya Tanga na Lushoto, na mwaka 2016 niliambiwa maneno hayo hayo. Naomba nikueleze kwa kirefu yaliyonikuta, kwa sababu dalili ulizozitaja zinaweza kuwa za magonjwa mawili tofauti, na hakuna hata moja inayotosha kuthibitisha kwamba giaboksi imekufa.

Tuanze na rivasi. Katika giaboksi nyingi za magari madogo ya zamani, gia za kwenda mbele zina sinkronaiza, yaani pete za shaba zinazosawazisha mzunguko kabla meno hayajashikana, lakini rivasi haina. Ndiyo maana klachi, yaani kiungo kinachotenganisha injini na giaboksi unapokanyaga pedeli, isipoachia sawasawa, rivasi ndiyo inayolalamika kwanza: shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye injini inakuwa bado inazunguka ilhali wewe umeshakanyaga pedeli mpaka chini. Simamisha gari, acha injini iwake taratibu, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka 5 bila kugusa gia, kisha ingiza rivasi. Ikiingia kimya, shafti ilihitaji tu muda wa kusimama. Ikiendelea kukwaruza, klachi haiachii. Baada ya hapo zima injini na ujaribu gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia kwa ulaini wakati injini imezimwa na kugoma inapowaka, shaka yako ya kwanza iwe klachi, wala si meno ya ndani ya giaboksi. Mwisho, washa tena injini na ukanyage pedeli haraka haraka mara 3 au 4. Gia zikikubali baada ya kupampu hivyo, kuna upepo kwenye mfumo au mojawapo ya pampu mbili za klachi, ya juu kwenye pedeli au ya chini kwenye giaboksi, inavuja.

Mimi hakuna aliyenipima hivyo. Gereji ya kwanza ilinitajia bei ya giaboksi kabla hata gari halijawekwa kwenye jeki, na nilikuwa nimeshaanza kukusanya fedha. Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima pale Korogwe, ambaye aliniita nisogee, akainua kwa bisibisi ile raba ndogo ya kuzuia vumbi kwenye pampu ya chini ya klachi, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, na oili ya breki iliyokuwa nyeusi kama kahawa ikachuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono wake. Oili ya breki hunyonya unyevu, na ikikaa miaka bila kubadilishwa hutia kutu ukuta wa pampu kwa ndani na kuzimaliza raba zake. Yangu sikuwahi kuibadilisha tangu ninunue gari. Aliweka raba mpya kwenye pampu zote mbili, akatoa upepo, na rivasi ikaingia bila sauti yoyote mchana ule ule. Hata hivyo pampu ya chini ilianza tena kuvuja baada ya miezi michache, kwa kuwa ukuta wake ulikuwa umeshachimbika, na nikalazimika kununua mpya nzima. Kwa hiyo ukifungua na kukuta vishimo vya kutu ndani, usiishie kwenye raba.

Harufu ya kuungua ni jambo jingine, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi juu ya gari lako. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, uwe kwenye gia ya 4 kwa mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho. Mlio wa injini ukipanda ghafla huku gari likiwa haliongezi mwendo, klachi inateleza. Kipimo hiki kifanye mara moja tu, maana kila inapoteleza inajiunguza. Kabla ya kuihukumu pleti, yaani sahani ya klachi inayoshikana na injini, gusa pedeli kwa mkono uone kama ina mchezo kidogo kabla ya kuanza kuwa nzito. Isipokuwa na mchezo wowote, huenda beringi ya klachi inaisukuma presha pleti, yaani kifuniko cha springi kinachoibana pleti, muda wote, na klachi iliyosukumwa nusu haiwezi kushika hata ikiwa mpya. Hilo hurekebishwa pale juu ya pedeli, na fundi makini hulifanya kwa dakika chache.

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 hivi za kona, inapanda karibu mita 1,000, na ndiyo iliyoimaliza klachi yangu. Kosa lilikuwa la mguu wangu: nilikuwa nikifuata malori huku nimeshikilia klachi nusu, na nikisimama mlimani nilizuia gari kwa klachi badala ya breki ya mkono. Giaboksi iliposhushwa mwaka 2018, pleti ilikuwa imelika mpaka vichwa vya riveti vikawa sawa na uso wake, wakati kiwango cha Toyota kinataka vibaki vimezama angalau milimita 0.3. Upande mmoja riveti zilikuwa zimechora duara kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo pleti hushikana nalo, na palikuwa na mabaka ya bluu, alama ya chuma kilichopata moto mkali. Flaiwili ilipelekwa kuchongwa.

Hapo nilifanya uamuzi ambao nakusihi usiurudie. Nilibadilisha pleti na presha pleti, nikaiacha beringi ya zamani kwa kuwa ilizunguka vizuri mkononi. Baada ya miezi 4 ilianza kulia kila nilipokanyaga klachi, na giaboksi ikashushwa tena, kwa ufundi ule ule na gharama ile ile. Ikishuka yako, badilisha vitu vyote vitatu, kisha mulika tochi kwenye sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili ya injini isivuje kuelekea klachi, kwa sababu oili ikivujia kwenye pleti mpya, klachi itateleza au itatetemesha gari wakati wa kuondoka.

Giaboksi mbovu ina dalili zake. Gia ya 2 ikikwaruza ukiwa kwenye mwendo, huku klachi ikiachia vizuri, pete ya sinkronaiza imelika. Gia ikichomoka yenyewe unapoachia mafuta, angalia kwanza raba zinazobeba injini, halafu ndiyo ushuku meno na uma wa gia, ule unaosukuma gia mahali pake. Mvumo unaosikika gari likiwa frii na kutoweka ukikanyaga klachi hutoka kwenye beringi ya shafti ya kuingilia. Kelele inayoanza pale unapokanyaga ni ya beringi ya klachi.

Mwaga pia oili ya giaboksi uitazame, lakini fungua kwanza boliti ya kujazia, kwa sababu ikigoma baada ya kumwaga utabaki na giaboksi kavu. Unga laini wa rangi ya dhahabu ni wa pete za shaba na kiasi kidogo ni cha kawaida kwa umri huo. Vipande vya chuma unavyovihisi kwa vidole ndivyo vitakavyonifanya nikubaliane na fundi wako. Rudishia oili ya 75W-90, chini kidogo ya lita 2, na usikubali kuwekewa oili yoyote iliyobaki gereji.

Fanya vipimo vya rivasi kesho asubuhi injini ikiwa baridi, kisha utuandikie mambo mawili: gia zinaingiaje injini ikiwa imezimwa, na oili katika kikopo cha klachi imeshuka kiasi gani. Fedha ya giaboksi iache benki mpaka hapo.