Krapf Alitoka Ujerumani Gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, nakaa Kisauni. Tulisoma kwamba Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Wiki iliyopita tukafundishwa kwamba Ujerumani iliundwa mwaka 1871 kwa nguvu ya utaifa. Nikauliza darasani: kama ni hivyo, Krapf alitoka Ujerumani gani? Wenzangu wakacheka, mara kengele ikalia. Naomba unijibu, na unieleze huo utaifa uliziunganishaje nchi zote zile. – Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Waliocheka hawakulielewa swali. Nimesomesha historia miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali kama lako nililipata kwa nadra.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji kilicho karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg. Mwenzake Rebmann, aliyemfuata huku mwaka 1846 wakakaa Rabai, alizaliwa Gerlingen, ufalme huohuo. Basi walikuwa raia wa mfalme wa Württemberg, mwenye jeshi lake na serikali yake. Nchi za namna hiyo zilikuwa 39 lilipoundwa shirikisho lao mwaka 1815, baada ya Napoleon wa Ufaransa kushindwa: falme, tawala ndogondogo za mamwinyi, na miji huru kama Hamburg na Frankfurt. Shirikisho lenyewe lilikuwa legelege, na kiti cha mbele kilikaliwa na Austria.

Je, Krapf hakuwa Mjerumani? Alikuwa, kwa lugha na asili. Sisi wa Mombasa tusione ajabu. Wazee wetu walijihesabu kwa Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa: Tisa Taifa upande mmoja, na upande wa pili Thalatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Mtu akiulizwa taifa lake hakujibu "Mswahili", japo wote ni Waswahili na lugha ni moja. Utaifa wa Kijerumani ni fikra iliyoligeuza jambo hilo: wanaosema lugha moja ndio taifa, na taifa lastahili dola moja.

Fikra hiyo ilipata moto kwa kudhalilishwa. Mwaka 1806 Napoleon aliipiga Prussia, ufalme wa Kijerumani wa kaskazini, huko Jena, akaingia Berlin, mji wake mkuu. Majira ya baridi ya 1807 hadi 1808, askari wa Kifaransa wakiwa bado mjini, mwanafalsafa Fichte akasimama Berlin kutoa mihadhara kwa taifa la Wajerumani, taifa ambalo kwenye ramani halikuwepo. Mwaka 1812 ndugu wawili wa ukoo wa Grimm wakatoa kitabu cha hadithi za kusimuliwa, ili watu waone kwamba wana urithi mmoja kutoka kwa bibi zao. Mwaka 1832 maelfu ya watu wakapanda kilimani Hambach na bendera nyeusi, nyekundu na dhahabu. Bendera hiyo usiisahau, nitairudia.

Sasa njoo 1848. Tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann, akisafiri bara kutoka Rabai, aliona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Wiki moja baadaye, tarehe 18 Mei, wajumbe kutoka nchi zote za Kijerumani walikusanyika katika kanisa la Mtakatifu Paulo mjini Frankfurt kufungua bunge la kuunda Ujerumani moja. Walikuwa wengi wao watu waliosoma: mahakimu, mawakili, maprofesa. Swali lililowakwamisha lilikuwa jepesi kulitamka: Ujerumani inaanzia wapi na kuishia wapi?

Hapa nataka nikuonyeshe kitu. Katika kasha la nyanya yangu, aliyekuwa akikaa Mji wa Kale, tulikuta riale moja ya fedha iliyochomelewa kipete cha kutilia mkufu. Bado ninayo. Ni nzito kiganjani, na upana wake umepungua kidogo tu kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa. Mwanamke mnene aliyejitanda shungi ndiye Maria Theresa wa Austria. Mwaka ulioandikwa ni 1780, aliofariki, lakini riale hizi ziliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baada yake, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walishazizoea na nyingine walizitilia shaka. Nyuma yupo tai wa vichwa viwili. Ukiizungusha polepole, pembeni mwa uso utasoma vifupisho vya Kilatini, na ndani yake mna HU na BO: malkia wa Hungary na wa Bohemia, nchi ya Wacheki.

Herufi hizo nne ndizo zilizowashinda wale maprofesa. Mfalme wa Austria alikuwa mkubwa kuliko wafalme wote waliosema Kijerumani, lakini aliwatawala pia Wahungari, Wacheki, Wakroatia na Waitalia. Akiingia na milki yake yote, hiyo haiwi nchi ya Wajerumani. Akiingia na Wajerumani wake peke yao, itabidi aipasue milki yake vipande viwili, na mfalme gani atakubali? Walijadiliana mpaka mwaka ukageuka. Mwishowe wakaamua Austria ibaki nje, na mwaka 1849 wakampelekea taji mfalme wa Prussia. Akalikataa. Taji lililotoka mikononi mwa raia aliliona najisi. Angelipokea kwa wafalme wenzake tu. Bunge likasambaratika.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na jibu la mkato kwamba utaifa "uliunganisha" Ujerumani. Mwaka 1848 utaifa ulikuwa umepamba moto, na haukuunganisha hata nchi mbili.

Kilichokuwa kimekwisha kuunganisha, tena kimyakimya, ni forodha. Chukulia mchuuzi wa Kongowea anayepeleka mzigo Malindi: alipe ushuru Mtwapa, alipe tena Kilifi, alipe tena Gede, na kila kituo kina kanuni zake. Mchumi Friedrich List alilalamika mwaka 1819 kwamba mfanyabiashara atokaye Berlin kwenda Uswisi anakatiza nchi kumi na kulipa mara kumi. Prussia ndiyo iliyokuja kuongoza muungano wa forodha ulioanza tarehe 1 Januari 1834, na Austria haikuwemo. Mwaka uliofuata reli ya kwanza ya Kijerumani ikafunguliwa kati ya Nuremberg na Fürth. Watu walianza kufanya biashara kama wa nchi moja kabla hawajawa na nchi moja, na mwenye daftari la ushuru alikuwa Prussia.

Kisha akaja Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prussia kuanzia mwaka 1862. Mwaka huo aliwaambia wabunge waziwazi kwamba mambo makubwa ya zama zile hayataamuliwa kwa hotuba na kura za wengi, bali kwa chuma na damu. Huyu hakuwa mtu wa Hambach. Alimtumikia mfalme wake, na utaifa kwake ulikuwa upepo wa kutweka tanga. Mwaka 1864 Prussia na Austria walishirikiana kuipiga Denmark, wakachukua majimbo ya Schleswig na Holstein. Mwaka 1866 wakageukiana wao kwa wao, na tarehe 3 Julai huko Königgrätz Austria ikashindwa. Katika vita hivyo Württemberg, nchi ya Krapf wako, ilipigana upande wa Austria. Ndiyo, Wajerumani waliuana na Wajerumani miaka mitano tu kabla ya muungano. Hili linanihuzunisha kila ninapolisoma, na ningependa lisomeshwe pamoja na tarehe za ushindi.

Angalia yaliyoufika mji wa Frankfurt. Ulikuwa mji huru, ndio uliolikaribisha bunge la 1848. Prussia iliuteka, ikaudai gulden milioni 25 (gulden ni fedha ya huko zama zile), na ikataka orodha ya raia wenye uwezo. Meya wake, Karl Fellner, akajinyonga Julai 1866. Mji ukamezwa, pamoja na ufalme wa Hanover, Hesse-Kassel na Nassau.

Mwaka 1867 nchi za kaskazini zikafungwa katika shirikisho chini ya Prussia. Zilibaki za kusini, zenye Wakatoliki wengi na zisizoipenda Prussia, na hizo ndizo zilizovutwa hasa na utaifa. Julai 1870 balozi wa Ufaransa alimfuata mfalme wa Prussia kwenye mji wa maji ya tiba, Ems, kumtaka aahidi kwamba hakuna wa ukoo wake atakayetaka tena kiti cha ufalme wa Hispania. Mfalme akakataa kwa adabu, na habari zikapelekwa kwa Bismarck kwa simu ya maandishi. Bismarck akaifupisha, ikasomeka kana kwamba pande zote mbili zimetukanana, akaipeleka magazetini. Ufaransa ikatangaza vita tarehe 19 Julai. Wabavaria na Wawürttemberg, watu wa kusini waliopigana na Prussia miaka minne nyuma, sasa wakaandamana nayo: kwa mikataba ya siri waliyokwisha kuitia saini, na kwa hasira ya kweli ya watu wao dhidi ya jirani aliyewahi kuwatawala. Septemba mfalme Napoleon wa Tatu akatekwa Sedan.

Tarehe 18 Januari 1871 dola ikatangazwa. Ilitangazwa Versailles, katika ukumbi wa vioo wa wafalme wa Ufaransa, mbele ya wakuu na maofisa wenye sare. Bendera haikuwa ile ya Hambach. Ilikuwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ile ya wananchi ndiyo unayoiona leo, lakini ilingoja sana.

Nchi 25 ziliingia, wala hazikuyeyuka. Württemberg ilibaki na mfalme wake, na stempu zake za posta hadi 1902.

Na Rebmann? Aliondoka Rabai mwaka 1875 akiwa karibu kipofu, akarudi Württemberg, akakaa Korntal. Wakati huo gulden alizozizoea utotoni zilikuwa zikiondolewa, na kufikia Januari 1876 mark ikawa ndiyo fedha ya dola nzima. Akafariki mwaka huo. Ninapoishika riale ya nyanya humfikiria mzee huyo asiyeona, amerudi kijijini anakosemwa Kijerumani kilekile cha mamake, akipapasa sarafu kiganjani na kuuliza ni ya nchi gani.