Joto la ghafla usiku, na nje kuna baridi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 51, nauza maharage sokoni Mafinga. Hedhi yangu inaruka miezi miwili, mitatu. Baridi hii ya Juni wenzangu wanajifunika gubigubi, mimi usiku nawaka moto kuanzia kifuani mpaka usoni, gauni la kulalia linalowa jasho, kisha natetemeka. Malaria nimepima, sina. Jirani anasema ni presha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Kwa maelezo yako, unaelekea kukoma hedhi. Homoni ya estrojeni ikishuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, inatanua mishipa ya damu ya ngozi na kukutoa jasho ili upoe. Ndiyo maana unatetemeka baadaye: umepoa kupita kiasi, tena kwa baridi ya Mafinga ukiwa na nguo mbichi mwilini!

Anzia kitandani. Blanketi moja zito ndilo linalokuponza. Tandaza shuka la pamba, juu yake kitenge, kisha blanketi jepesi, uweze kutoa moja bila kubaki wazi. Gauni kavu liwe karibu na mto. Jiko la mkaa lisilale chumbani. Moshi wake usioonekana unaua, joto au hakuna joto. Chai inywe ikishapoa kidogo. Pilipili na ulanzi, pombe ya mianzi, wa jioni huwachochea wengi, basi chunguza kinachokuchochea wewe.

Presha pima, umri wako unaitaka, lakini si yenyewe inayokulowesha hivyo.

Usingizi ukikosekana kabisa, dawa zipo. Yenye nguvu zaidi ni homoni, na mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake; huongezewa homoni nyingine, projestojeni, kukilinda dhidi ya saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu miguuni aseme mapema, kwani ziko dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini. Unga wa mizizi wa mnadani sina cha kuusifia.

Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au unakonda, pima TB na VVU kwanza, maana jasho la usiku ni lao pia. Na uzazi wa mpango usiuache mpaka upite miezi 12 bila hedhi. Damu ikirudi baada ya hapo, hata tone, nenda hospitali.