Halmashauri Hupimwaje, na Kijiji Hupata Nini?

Wasomaji wametuuliza jinsi halmashauri za wilaya nchini Tanzania zinavyopimwa utendaji wake, na kama upimaji huo una manufaa yoyote kijijini.

Swali: Halmashauri yetu imepata hati safi. Mbona zahanati ya kijiji haina dawa?

Jibu: Hati safi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huthibitisha kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango, haithibitishi kwamba huduma imemfikia mwananchi. Ofisi hiyo hiyo hufanya pia ukaguzi wa ufanisi, unaochunguza kama fedha zimeleta tija, lakini sijawahi kuona diwani akishangiliwa kwa sababu ya ripoti hiyo.

Swali: Je, kupimwa kumewahi kubadilisha chochote?

Jibu: Ndiyo, pale matokeo yalipogusa fedha au cheo. Katika utaratibu wa ruzuku ya maendeleo ulioanza mwaka wa fedha 2004/05, halmashauri iliyofanya vizuri katika tathmini iliongezewa ruzuku, na iliyofanya vibaya ilipunguziwa. Mfano wa karibu zaidi ni mkataba wa lishe, ambao viongozi wa mikoa na wilaya wanawajibika kuutekeleza: halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Fungu ambalo ni rahisi kulikata mapato yanaposhuka sasa lina mtu wa kuulizwa.

Hata hivyo, kigezo cha fedha zilizotengwa na kutumika kinaweza kutimizwa kwa semina makao makuu ya wilaya, bila mtoto yeyote kupimwa uzito kijijini. Zaidi ya hapo, wilaya yenye mapato madogo na watumishi wachache ikipunguziwa ruzuku kwa sababu imeshindwa, anayeadhibiwa ni mwanakijiji ambaye hakuandaa bajeti wala hakuisimamia.

Swali: Mradi wetu wa maji uliripotiwa kukamilika, lakini pampu imesimama. Anapimwa nani?

Jibu: Hapa ndipo upimaji unapopwaya zaidi. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji vijijini yako chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na uendeshaji wa kila siku uko kwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Ujenzi huripotiwa mara moja, mradi unapokabidhiwa, ilhali uendelevu hujulikana miaka kadhaa baadaye, kwenye kituo cha kuchotea maji ambacho koki yake imekatika na daftari la makusanyo ya ndoo liliandikwa mara ya mwisho kabla ya masika. Daftari hilo lingewaonyesha mapema kwamba fedha za kununua kipuri hazitatosha. Kwa maoni yangu, hesabu ya kila mwaka ianze na vituo vinavyotoa maji leo, ndipo ifuate idadi ya vilivyojengwa.

Swali: Na watumishi, kama afisa ugani, hupimwa?

Jibu: Hupimwa. Mfumo wa OPRAS, ulioanza mwaka 2004, uliwataka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo ya mwaka kwenye fomu. Nafasi yake imechukuliwa na PEPMIS, ambao ni wa kielektroniki. Mkulima anayehudumiwa haulizwi katika mfumo wowote kati ya hiyo miwili kama alitembelewa shambani.

Swali: Sisi wananchi tuna nafasi gani?

Jibu: Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuuhudhuria, unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo. Ombeni ibandikwe pia kwenye ubao wa matangazo, kisha mlinganishe kila mradi uliotajwa na hali yake mahali ulipo. Mkikuta tofauti, hakikisheni imeandikwa katika muhtasari wa mkutano, kwa kuwa malalamiko ya mdomo hayafiki kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata.